Mjumbe wa Hodi Moja

Watu wa pwani tunajua, hata kama siku hizi tunajifanya hatujui: ukiitwa mara moja, usiitike. Binadamu ataita tena. Kinachoita mara moja kikanyamaza, kiache kipite zake. Mie nililelewa hivyo na wanangu nikawalea hivyo, ndiyo maana Mjumbe wetu alitusisimua miili miaka yote ile tuliyokaa naye Tandale, huku bondeni karibu na mto. Maana yeye alikuwaga anapiga hodi moja tu. Moja. Halafu unamwona keshaingia.

Jina lake silitaji. Kwao wapi, nani alimzaa, sikumuuliza na yeye hakusema. Alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, ule ujumbe wa zamani wa kuamua ugomvi wa mume na mke na kujua nani kalala nyumba gani, na jina likamganda hivyo hivyo. Hata binti yake alimwita Mjumbe. Na mie, niseme mapema, kusoma kwangu ni kwa kukokota. Niliishia darasa la pili, umri wangu wote umeishia soko la Tandale nikibeba lumbesa, yale magunia yanayojazwa mpaka yanaota kichwa juu. Mgongo wangu ndio uliosoma. Kwa hiyo nikiacha njia, mnivumilie, nitarudi.

Alikuwa mrefu, mkavu, mabega kama henga ya nguo. Mguuni mabuti ya mvua. Masika mabuti, kiangazi mabuti, Ijumaa mabuti anayaacha mlangoni mwa msikiti katikati ya kandambili za watu. Alikuja kwenye harusi ya mwanangu na kanzu nyeupe imepigwa pasi vizuri, na chini mabuti. Vijana wa bodaboda walikuwa hawamwachi.

"Mjumbe, mpunga umepanda wapi mwaka huu?"

"Chumbani kwako," anawajibu, wala hasimami. "Utauona ukiota."

Wanacheka. Lakini hawacheki sana, maana alivyosema hakutabasamu.

Na mtu huyohuyo aliogopa maji. Tena sana. Alioga kwa kopo, kidogo kidogo, kama anamwosha mtoto mchanga. Kwenye daraja la mto hapiti. Anazunguka njia ndefu atokee barabara kubwa ya Sinza, arudi tena chini. Ukimkaribisha kitini kwako, kwanza anakigeuza kiti kitazame mto, ndipo akae. Mke wangu alikuwa akiniambia, "Yule hakai na mto mgongoni kama wewe usivyokaa na mlevi mgongoni."

Kiangazi, mto wetu ukiwa umebaki uzi wa maji meusi na chupa na pampasi za watoto, alikuwa akishuka ukingoni, anasimama anatazama kule juu maji yanakotokea. Kichwa kakiinamisha upande. Siku moja nikamfuata.

"Mjumbe, unasikiliza nini?"

"Vyura."

"Mbona hawalii?"

"Ndiyo ninayoisikiliza hiyo."

Nikapanda zangu juu. Jua kali, na mikono imesimama vinyweleo.

Sasa hapo lazima niwaambie kuhusu kiwanja. Tandale hakuna kiwanja kitupu. Watu wanajenga chumba juu ya mtaro, wanajenga choo ukutani kwa jirani. Lakini palikuwa na sakafu moja ya saruji, kuta hakuna, imebaki na kizingiti cha mlango tu, na hakuna aliyejenga, hakuna aliyeanika nguo, hata wale kuku wetu wasio na adabu hawakupita pale. Ilikuwa nyumba ya Mama Vitumbua, mjane, alikuwa akipika vitumbua vya asubuhi, mtaa mzima tuliamshwa na harufu ya iliki yake. Maji ya kwanza, yale makubwa ya zamani, ndiyo yaliyomchukua.

Siku ile ya maji ya zamani Mjumbe alipita nyumba kwa nyumba kututoa. Ilikuwa alasiri. Alipita kama tulivyofundwa wote: hodi, unangoja, hodi, unangoja, hodi ya tatu, ukikosa jibu unageuka, kwa sababu nyumba ya mtu ina heshima yake, na ya mjane zaidi. Kwa Mama Vitumbua alipiga zote tatu, akageuka. Kumbe mwenyewe yumo. Maji yalipopungua tukamkuta kwenye kona ya chumba, nyuma ya kitanda. Wengine wakasema alikuwa kalala. Wengine wakasema alidhani ni yale mambo yanayoita watu. Mjumbe alipoulizwa alisema neno moja tu, "Hakunikaribisha," na hakuliongeza mpaka tukazoea kutomuuliza.

Tangu hapo kila siku anapita kwenye kile kizingiti. Anasimama nje, kama kuta zipo. "Hodi." Anangoja, kichwa upande. Halafu anaondoka. Wale wale vijana wa bodaboda, hapo walikuwa wanazima pikipiki.

Basi baada ya msiba akatuita kwenye baraza la shule ya msingi, ile iliyo juu kidogo, maji hayafiki. Akatuambia mambo mawili, na kwa yote mawili tulitaka kumpiga.

La kwanza, hodi. "Mkisikia hodi moja na haiji ya pili, ni mimi, na ni maji. Tokeni. Na mimi siendi kungoja karibu ya mtu. Napiga moja, naingia. Na nyie mtafanya hivyo hivyo kwa wenzenu."

Wamama wakaguna. Shehe mmoja akasema hayo si mafundisho. Mjumbe akamjibu kwa upole, "Mafundisho nayajua, shehe wangu. Niliyafuata."

La pili ndilo lililokuwa zito. Kila asiyeweza kutembea, mgonjwa, mzee, mlemavu, atapewa mtu wa kumbeba, na mtu huyo asiwe wa nyumba yake. Wewe wako humbebi. Unambeba wa mwenzio, na wako anabebwa na mwingine.

"Kwa nini?" watu wakapiga kelele. "Mama yangu nimwache nikabebe mama wa mtu?"

"Kwa sababu mtu akishamfikisha wake hapa juu, anakaa chini anashukuru Mungu. Harudi tena bondeni. Niliwaona kwa macho. Lakini wako akiwa bado yuko kule mikononi mwa jirani, utamjua jirani yako. Utamsalimia. Utajua kama anakunywa pombe. Utamwombea afya."

Mie nikapewa Mzee Chande, fundi wa vinyago aliyetoka kusini, mguu mmoja ulikatwa kwa ajili ya sukari. Mguu ulikatwa, mdomo ukabaki.

"Mie nibebwe na kuli?" akalalamika mbele za watu. "Huyu atanipanga juu ya vitunguu!"

"We mwepesi kuliko vitunguu, mzee wangu. Tena vitunguu havitukani."

Kicheko. Nami nikacheka mpaka nikasikia mke wangu kapewa nani. Mke wangu alipigwa na kiharusi, upande mzima wa kulia ulilala, kutoka kitandani mpaka abebwe. Na Mjumbe kamgawa kwa mpangaji wa chumba cha mwisho, nyumba ya jirani. Yule kijana.

Ngoja niwaambie habari za yule kijana. Alikuja na begi na godoro. Dirishani akatundika shuka la bluu, halikushuka hata mara moja. Salamu alikuwa anatoa, lakini anaitoa akitembea. Kwenye simu alisema lugha ambayo hatukuijua, kwa sauti ya chini. Kipindi kile yalikuwepo maneno mengi ya watu wabaya wanaojificha mitaani, kila anayetega redio alikuwa na lake. Basi nusu ya mtaa wakasema yule ni gaidi. Nusu wakasema hapana, yule ni wa usalama, ametumwa kutuchunguza. Mie nilikuwa nusu zote mbili, kutegemea nimekaa na nani.

Mpaka mchana mmoja vijana wakakusanyika mlangoni kwake na marungu, mmoja kabeba tairi. Tairi mnajua la nini. Mjumbe akaja na mabuti yake akasimama katikati.

"Mnamtakia nini?"

"Hatumjui huyu!"

"Taarifa zake nimeshazipeleka wanakotakiwa kuzipata, kazi yao wanaijua. Yenu ni ipi?"

"Si tumekwambia hatumjui, Mjumbe!"

"Basi mjueni. Mtamchoma mkishamjua."

Akageuka, hodi moja, akaingia. Alipotoka kamshika kijana mkono kama mtu anayempeleka mtoto shule. Akampitisha nyumba kwa nyumba, kila chumba chenye mgonjwa, anamwonyesha. "Huyu hawezi kuketi. Huyu ukimgusa kiuno analia. Huyu haoni, mwambie wewe ni nani kabla hujamshika." Wale wenye marungu wanafuata nyuma, hawajui wafanye nini na marungu yao, na kila nyumba wanapungua. Mwenye tairi aliliacha ukutani kwangu, nikaja kulifanya beseni la kuku.

Ndiyo huyo sasa apewe mke wangu. Nikasimama pale barazani.

"Mjumbe, nakuheshimu. Mke wangu yuko kitandani na khanga moja. Mwanamume asiyejulikana kwao aingie bila kukaribishwa, amshike, ambebe?"

"Ndiyo."

"Na nikimkuta?"

"Ukimkuta maana yake hukwenda kwa Mzee Chande."

Tulinuniana kipindi kirefu. Nikamwambia mke wangu mie sikubali, siku ikifika nakubeba mwenyewe, mgongo huu umebeba dunia. Akavuta khanga kwa mkono wake mzima. Halafu akasema, maneno yake wakati ule yalikuwa yanatoka yamepinda kidogo, "Na Chande?"

Mazoezi yalikuwepo, na hayakuwa na siku. Uko unakula, uko unagombana, unasikia: hodi. Ilikuwa sauti ya ajabu, haikutokea mlangoni, ilikuwa kama inatoka ndani ya ukuta. Watoto walikuwa wanalia. Mzee Chande alikuwa ananitukana njia nzima mpaka shuleni. Na kijana anakuja na mke wangu mgongoni, kainamisha uso, wala hazungumzi, na mke wangu anacheka kama msichana.

Sasa hili nitalisema, anayetaka aamini. Asubuhi moja nilisikia hodi nikiwa chooni. Moja. Nikatoka mbio na kopo mkononi. Nje kimya, mtu anachoma mahindi, hakuna aliyesikia ila mie. Nikaenda kwa Mjumbe kumuuliza kulikoni. Nikamkuta kajifunika blanketi, homa imemshika, hajanyanyuka tangu alfajiri. Nikamweleza. Akafunua blanketi usoni.

"Ulitoka?"

"Nilitoka."

"Basi," akasema, akageukia ukutani.

Simu zilipojaa, mtaa ukafungua kundi la kutumiana habari. Kila wingu likionekana mtu anaandika mafuriko, mwingine anatuma picha za nchi za watu anasema ni Jangwani ya hapa mjini, mwingine anaweka kikatuni cha kucheka. Ikafika mahali hata habari ya kweli ya watu wa hali ya hewa ikipita hakuna anayeisoma. Mjumbe alikuwa na simu ya tochi. Alisema, "Nyie simu imewaambia maji yanakuja. Imewaambia nani anambeba Chande?"

Halafu yakaja.

Yalikuja jua likiwaka, ndilo linalonisumbua hadi leo. Kwetu hapakuwa na tone. Kumbe huko juu vilimani ilikuwa imenyesha tangu usiku. Nguo ziko kambani, mtu kaanika dagaa. Adhana ya adhuhuri imekwisha. Mke wangu nimeshamwekea mto wa kichwa vizuri, kaelekezwa kibla, anaswali kwa kulala kama wanavyoswali wagonjwa. Mie nimesimama mlangoni naona mtaro wetu, ule unaopeleka maji mtoni, maji yake yanarudi. Yanapanda, taratibu, yanatokea mtoni yanakuja kwetu.

Hodi.

Nikageuka. Mke wangu ameshafunga swala, mkono mzima juu ya mkono mbovu, macho hayako kwangu. Siwezi kumwambia kitu, naye hawezi kunijibu. Nilikuwa na nafasi ya kumbeba. Hatua chache tu. Sijui ni nini kilichoniondoa pale. Nadhani ni lile swali lake la siku ile, na Chande? Nikakimbia.

Mzee Chande nilimkuta keshajiburuza mpaka kizingitini. "Umechelewa, kuli!" Nikamtupa mgongoni. Maji yalikuwa magotini, halafu mapajani, rangi ya chai ya maziwa, na hayakuwa na kelele, jua linameta juu yake. Kikapita kiti cha plastiki, kimekaa wima kabisa, kinaelea polepole kama kuna mtu amekikalia. Mzee Chande alikuwa ananitukana tangu mlangoni. Alipokiona kile kiti alinyamaza, na sikumsikia tena mpaka shuleni.

Pale shuleni kila mtu anatafuta wake. Mama huyu, baba yule, wanafika migongoni mwa watu. Mjumbe kasimama kwenye ngazi, anatazama nyuso, midomo inacheza bila sauti. Wangu hayupo. Nikaanza kurudi chini, watu wakanishika, nikawapiga, wakanishika tena. "Niacheni, ni mke wangu!" Mzee Chande pale chini kanikamata mguu kwa mikono miwili, ile mikono ya kuchonga mpingo, hakuniachia. "Tulia, baba. Kijana ana mtu wake. Tulia."

Ndipo wakatokea. Maji kifuani kwa kijana. Mke wangu kafungwa mgongoni kwake kwa lile shuka la bluu la dirishani, kama mtoto. Na midomo yake inatembea. Walipotoka majini akageuza uso kulia polepole, akageuza kushoto, sikioni kwa kijana, akatoa salamu. Alikuwa anamaliza swala.

"Ahsante, mwanangu," akamwambia. Halafu mimi: "Na Chande?"

Siku ile nyumba zetu hazikumpoteza mtu. Nyumba za ng'ambo, ambako hawakuwa na Mjumbe, sisemi. Kijana akaondoka baada ya wiki chache, na begi lake, godoro alimwachia Mzee Chande. Mpaka leo sijui alikuwa nani. Siulizi.

Na Mjumbe naye akaondoka. Miguu ilimkataa, binti yake akaja kumchukua, akampeleka kwake Mbezi Beach. Nilikaa muda kabla ya kwenda kumwona, kule ni mbali na nyumba zenyewe zinatisha, ukuta na nyaya za umeme juu, mlinzi anakuuliza wewe ni nani kama umekuja kuiba. Nikafika siku ya manyunyu. Nikamkuta kwenye kibaraza cha nyuma, miguu mitupu. Binti yake aliyatupa mabuti. Nyayo zake zilikuwa nyeupe na laini, kama za mtu asiyewahi kukanyaga chini.

"Shikamoo, Mjumbe."

"Marahaba. Mkeo hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Anakaa sasa mwenyewe."

Tukazungumza vya sokoni, nani kafa, nani kaoa. Binti akaleta chai. Nikakumbuka kwamba ile siku ya maji, kwa ile purukushani, sikuwahi kumsimulia ilivyokuwa chumbani kwangu. Nikamsimulia. Nikasema, "Unajua kijana alimkuta yumo kwenye swala? Akapiga hodi, mke wangu akanyanyua sauti, Allahu akbar! Si unajua tunavyofanya, mtu akibisha nawe unaswali unapandisha sauti ili ajue, angoje. Kijana akasema, 'Nimesikia, mama, samahani.' Akambeba hivyo hivyo na swala yake."

Nilidhani atacheka. Kikombe kikabaki hewani.

"Alinyanyua sauti," akasema.

"Ndiyo."

"Naye akasikia, akaingia."

"Akaingia."

Akakiweka kikombe chini, polepole. Akainamisha kichwa upande, kama alivyokuwa akifanya kule. Manyunyu yalikuwa yamekatika, hapakuwa na sauti yoyote pale Mbezi, hata ya mtoto.

"Mama Vitumbua alikuwa na sauti nzuri ya takbiri," akaniambia. "Nilipiga ya kwanza, akanyanyua. Nikapiga ya pili, akanyanyua zaidi. Ya tatu ilikuwa karibu ukelele. Nikajisemea, mwache mtu wa watu amalize swala yake. Nitapitia wakati wa kurudi."